Kabla hujampa dalali hela

Tanga, Jumapili usiku

Mudi ndugu yangu,

Salamu kwako, shemeji na watoto. Huku wazima, joto tu. Kifurushi kilichokuja na barua hii usikifungue kwanza, soma.

Najua nimekaa kimya tangu mwezi wa pili, na simu zako mbili sikupokea. Sababu utaikuta mbele. Jana Kidevu kanionyesha picha uliyomtumia: Mazda RX-8 nyekundu, namba C, milango yote minne wazi kama kunguru anayeanika mbawa, na wewe kando yake meno thelathini na mawili nje. Akaniambia Ijumaa unapeleka hela. Chai yangu ilipoa pale pale mezani.

Mudi, usitoe hela. Sisemi usinunue. Nasema kwanza iwashe ikiwa baridi, iendeshe mpaka ipate moto kabisa, panda nayo hata Ngaramtoni, kisha izime. Kunywa soda. Baada ya dakika kumi iwashe tena. Ikizungusha starta weee ndipo ishike, au isishike kabisa, mrudishie funguo zake, mwambie asante, panda daladala.

Dalali atakuita asubuhi, nakuhakikishia. Asubuhi inawaka kwa mpigo mmoja, na wewe moyo unakwenda. Gari ile haina pistoni. Ndani kuna mapande mawili ya pembe tatu yanayozunguka kwenye vyumba vyenye umbo la ganda la karanga la punje mbili, na kwenye kila ncha ya pembe kuna kipande chembamba cha chuma kinachosugua ukuta muda wote ili upepo usivuje. Hizo ndizo sili. Zikilika, injini ya baridi bado inajikaza, oili ni nzito, inasaidia kuziba. Ikipata moto oili inakuwa nyepesi, siri inatoka nje. Na wapo wanaofunga starta yenye nguvu zaidi na betri mpya ili izunguke haraka, mnunuzi asigundue. Starta ikiwa mpya inang'aa kwenye gari iliyochakaa, jiulize.

Sasa yangu. Unaikumbuka ile ya rangi ya fedha. Niliambiwa haidai hata mia, nikaamini kwa sababu nilitaka kuamini. Mwezi wa tatu tangu niinunue ikaanza kumisi kidogo ukikanyaga. Nikasema mafuta ya kituo fulani mabaya. Kumbe koili, zile zinazopeleka umeme kwenye plagi. Ziko nne, na ni ugonjwa wa gari zile unaojulikana. Koili ikichoka, mafuta hayaungui yote, yanakwenda kuungulia kwenye masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi. Masega yakayeyuka yakaziba, moto ukakosa pa kutokea ukarudi kwenye injini. Usiku mmoja mke wangu akaniuliza mbona chini ya gari kunawaka kama jiko la mkaa. Nikamwambia ni taa ya breki. Mudi, nilimwambia ni taa ya breki!

Halafu Muheza. Natoka Dar, nikazima nikanunua machungwa. Kurudi kwenye usukani, starta inalia, injini haina habari. Nilikaa saa mbili nzima nikimenya machungwa mpaka ikapoa, ikawaka kama vile hatujawahi kugombana. Wale kina mama wa machungwa wakaniita mgeni wao. Mwishoni mwa mwezi nikawa mwenyeji.

Ile laki nne niliyokuomba, nikasema ya bati za mama. Bati za mama alinunua kaka. Hela yako ilikwenda kwenye koili na plagi, zikafungwa kwenye injini ambayo sili zake zilikuwa zimeshakufa. Ndiyo maana sikupokea simu. Mdomoni lingenishinda, ndiyo nimeandika. Nitairudisha kidogo kidogo, nikimaliza ada ya muhula huu.

Turudi kwenye gari yako, maana hasira zikinipanda nasahau. Kilicho kwenye kifurushi ni kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa upepo ndani ya injini. Ni cha kawaida, nimekitoa vali. Injini hizi zina kipimo chake maalumu kinachosoma vyumba vitatu kwa kila pembetatu. Ukimpata fundi mwenye nacho Arusha, mlipe hata mara mbili. Mazda wanataka kilo 8.5 kwa sentimita ya mraba kwa injini yenye afya, na ikishuka chini ya 6.9 hiyo ni ya kufunguliwa, starta ikizungusha mara 250 kwa dakika. Vyumba visipishane zaidi ya 1.5. Ila wewe uko kama mita 1,400 juu ya bahari, namba zitasoma chini kidogo, kwa hiyo lazima zirekebishwe kwa mwinuko. Muuzaji naye asitumie mwinuko kufunika injini mbovu! Kipimo cha kawaida kikiwa na vali kinakupa namba ile kubwa tu, zile mbovu zinajificha nyuma yake. Bila vali utaona sindano inaruka. Mwambie fundi atoe plagi, wewe angalia sindano: tap, tap, tap, sawasawa. Ikija tap, tap, halafu kimya kidogo, basi umeshajua. Na apime injini ikiwa ya moto. Narudia, ya moto.

Mengine ya haraka. Akikwambia ni cc 1300 kwa hiyo inakula kama Vitz, cheka. Ni kweli kadi itasoma hivyo, lakini inakunywa kama gari la lita tatu. Oili nayo inakunywa, na hapo hana kosa, imeundwa hivyo, kuna pampu inayodondoshea oili sili zile. Chomoa kijiti cha oili mwenyewe. Ikiwa imekauka, mwenyewe hakuwa anaijua gari yake. Sindano ya joto usiitegemee, inakaa katikati mpaka mambo yameshaharibika. Tazama maji yenyewe kama yanatoa mapovu, na moshi mweupe usiokatika. Kadi ilinganishe na namba ya chesesi na ya injini, maana wengine walishachoka wakapachika injini ya Toyota, na kadi bado inasoma Mazda.

Usije ukafanya kama mimi na fundi bodi wangu. Alipita na sumaku, kwenye boneti haikushika, akatangaza boneti lote ni puti. Milango ya nyuma pia haikushika. Nikamkata muuzaji laki tatu kwa ushindi mkubwa. Boneti na milango ile ni alumini tangu kiwandani. Nahisi muuzaji alijua, akaipokea hasara ile kwa furaha akijua ananiachia nini.

Na ukishainunua (maana nakujua), usiisogeze mita tano ukazima ikiwa baridi. Plagi zinalowa mafuta, haiwaki tena. Mimi niliisogeza kumpisha Mama Zuu atoke na pikipiki, ikakaa getini siku mbili. Ikikufanyia hivyo, kanyaga mafuta mpaka chini, zungusha starta. Ukikanyaga hivyo inakata mafuta, plagi zinapata kukauka.

Sauti yake lakini, Mudi. Ikifika mizunguko elfu nane haitetemeki, inalia kama nyuki kwenye mtungi. Bado naiota. Ndiyo maana siwezi kukwambia usinunue.

Hebu nijibu. Ni gia za mkono au otomatiki? Kama otomatiki mbona unahangaika, ile haifiki hata elfu nane. Kaimiliki nani kabla, na kwa nini anauza? Hebu muulize kama aliwahi kubadilisha koili, uone macho yake. Noah umeiuza kweli, au Kidevu anaongeza chumvi? Watoto wanakwenda shule na nini? Shemeji anajua, au naye ameambiwa ni bati za mama?

Kipimo ukishatumia nirudishie kwa basi hilo hilo, umpe kondakta mkononi. Kidevu asikibebe. Nilikinunua wiki moja baada ya Muheza.

Wako,
Hamisi