Mhariri, lami ipimwe ikiwa bado moto

Mhariri, mimi naendesha pikapu hapa Kisumu, nabeba mchanga na kokoto kutoka Kibos mpaka Ahero, na kabla ya hiyo nilifanya kibarua cha kutandaza lami, kwa hivyo hii maneno ya mashine mpya za kupima lami naiongea kama mtu alishika reki.

Kwa kazi nyingi lami ikishapoa ndio wanakuja kutoboa, wanatoa kipande cha duara kama mkebe wa maziwa ya unga, kinapelekwa maabara, majibu yanarudi rola ikiwa ishahamia saiti ingine. Siku moja nilishika kipande kama hicho nikabonyeza pembeni na kidole gumba, kokoto zikadondoka kavu kabisa, na hiyo barabara ilikuwa ishapakwa mistari nyeupe. Mvua ya Aprili ikaichimba.

Shida ni hewa. Lami inamwagwa ikiwa na joto la digrii 150 hivi, ikishuka kama 80 rola inapita juu bure tu, haishindilii kitu. Hewa ikibaki ndani zaidi ya asilimia 8 maji yanapata njia, na nyinyi mnajua mvua ya jioni ya huku. Sasa kuna kamera za joto zinafungwa nyuma ya mashine ya kutandaza, zinaonyesha papo hapo mahali pamepoa, na kuna kipimo cha kuweka juu ya lami kinakupa namba ya vile lami imeshindiliwa kwa dakika chache na rola bado iko hapo, unaiambia irudi.

Gharama iko, siwezi kuficha. Hicho kipimo kiko cha aina mbili. Cha nyuklia kinataka leseni, mtu amesomea na stoo ya kufuli kwa sababu ya miale. Kile cha umeme hakina hayo yote lakini maji yanakichanganya, na lazima kwanza kilinganishwe na vipande vya kutoboa, kwa hivyo maabara bado tunaihitaji.

Lakini tangu Julai 2024 tunakatwa shilingi 25 ya barabara kwa kila lita ya mafuta, kutoka 18, na bado mimi mwezi huu nimebadilisha shoki mbili na bushi. Kisumu, Siaya, Vihiga na Homa Bay zinaweza kuchanga zinunue seti moja izunguke, ishikwe na injinia wa serikali, si mkandarasi, na hizo namba zibandikwe kwa bango la mradi kabla mtu yeyote hajalipwa.

Dereva wa pikapu, Mamboleo