Tuuzieni Nguo, Maneno Tumeshayasikia

Mhariri,

Hivi majuzi msomaji mmoja aliandika kwenye ukurasa huu akiwataka wachuuzi wa soko la Kongowea wawafukuze wanaume wanaokuja kuchagua nguo za kike. Alisema tunawaaibisha akina mama, tunaleta vurugu, na kwamba anayetuuzia anashiriki dhambi. Hanijui, nami simjui. Lakini nina hakika ni sisi tuliokusudiwa, kwa sababu baba wa watu akija kumchagulia mkewe dera, hata akae nusu saa akigeuza rangi, hakuna anayempigia kelele.

Mimi ni mwanamke transjenda. Nilizaliwa hapa Mombasa nikaandikwa mvulana, nikalelewa Majengo, na sasa napanga chumba upande wa Kisauni. Ni karani katika ofisi ya mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Kazini navaa shati na suruali na kuitwa jina la kwenye kitambulisho. Nikitoka kazini, ndipo ninapokuwa mimi. Jina langu naomba lihifadhiwe. Si haya, ni kodi ya nyumba.

Kazi hiyo imenifanya nizijue nguo kwanza kama makaratasi. Nguo mpya zikishuka melini, forodha huzitenga: suti na suruali za wanaume zina namba yao, 6203, na za wanawake zina yao, 6204. Kuna hata kanuni ya kuamua. Vazi linalofungwa kwa mbele, upande wa kushoto ukilalia wa kulia, huhesabiwa la kiume. Kulia kukilalia kushoto, la kike. Na lile ambalo hakuna anayeweza kusema ni la nani? Huandikwa la kike. Sikulitunga mimi, limo katika maelezo ya sura ya 62 ya utaratibu wa forodha unaofuatwa karibu dunia nzima, na siku nilipolisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu mezani hadi mwenzangu akauliza kuna nini. Mitumba haina habari hiyo. Robota la magauni na robota la makoti ya wanaume yote huingia nchini kwa namba moja, 6309. Matatizo huanza yakishafika sokoni.

Kongowea robota hufunguliwa asubuhi, na wanaojua biashara hiyo wanajua kwamba kamera ndiyo hutoka kwanza: gauni lisilo na doa, zipu nzima, kitambaa ambacho dukani usingekigusa kwa bei. Akina mama hujazana, mkono juu ya mkono, na ndani ya dakika chache kizuri chote kimekwenda. Kinachobaki jioni ni fagia. Mimi nimevaa fagia miaka na miaka, si kwa ubahili. Nilikuwa nangoja watu wapungue. Saa ambayo macho ni machache ndiyo saa ambayo nguo nzuri zimekwisha, na ukitaka kujua fedheha inagharimu kiasi gani, angalia mishono ya kwapani ya nguo zangu za zamani.

Aliyenitoa huko ni mama mmoja muuza magauni. Nilikuwa nimeshika gauni la maua naligeuza, sina hata ujasiri wa kulinyoosha. Akaninyang'anya. "Hili litakukaba, mwanangu. Wewe mabega yako mapana, usinunue lenye mkono wa kupachika. Tafuta lililokatwa mwili na mkono kitambaa kimoja." Akainama chini ya meza akatoa la buluu, akaniwekea mgongoni, akapima bega hadi bega kwa shubiri kama anavyompimia mtu yeyote. Vijana wa mkokoteni waliokuwa wanapita wakasimama. Mmoja akapaza sauti, "We mama, wamuuzia dumejike?" Mama hata hakugeuka. Akamwambia, "Wewe umekuja kununua ama kunihesabia wateja?" Wanunuzi wakamcheka kijana, si mimi, naye akasukuma mkokoteni wake akaenda zake. Nikanunua la buluu na jingine. Siku hizi naenda asubuhi.

Nalisimulia hili kwa kirefu kwa sababu msomaji yule anasema sisi ndio tunaoleta vurugu. Mimi nimesimama mle nikaona zinavyoanza. Umati humtazama mwenye meza kwanza. Akicheka, watacheka, akiita mwenzake aje aone, wataitana, akitaja bei na kuendelea na kazi, wengi hukumbuka kwamba wao pia wamekuja kutafuta nguo za watoto na jua linapanda.

Kinyume chake nilikiona katika duka moja katikati ya mji, duka la vioo na baridi, ambalo silitaji. Nilichagua gauni la kitani. Msichana wa duka akaniambia vyumba vya kujaribia ni vya wanawake, na cha wanaume wamegeuza stoo. Nikasema basi nitalichukua hivyo hivyo. Nikalipa kwa M-Pesa, na hapo ndipo mambo yalipoharibika, maana malipo yakiingia na jina huingia, na jina langu ni la babu yangu mzaa baba, halina utata wowote. Mpokea pesa akalisoma kwa sauti. Akanitazama, akalisoma tena, akamwita mlinzi aje alione. Nilipotoka, wateja wawili walinifuata hadi steji ya matatu wakinirekodi na simu. Gauni lenyewe halikupita mabegani. Nikampa binamu yangu, na limemkaa vizuri mno. Tangu siku hiyo natembea na pesa taslimu, na kila mkaazi wa Mombasa anajua maana ya kuzunguka sokoni na pesa taslimu mfukoni.

Najua mtaniambia nibadilishe jina. Jina linabadilika, ndiyo, kwa gharama na subira. Audrey Mbugua, mwanamke transjenda kama mimi, alikwenda Mahakama Kuu hadi 2014 ikaamuliwa baraza la mitihani libadilishe jina kwenye cheti chake cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na kuondoa alama ya jinsia. Alipigana kwa ajili ya cheti, kitu ambacho bila hicho hupati kazi. Mimi nataka kununua gauni. Sidhani inafaa nipite kwa jaji.

Kwa haki niseme pia kwamba mji huu una upole wake. Mtaa wa Biashara nilianza kununua leso nikiwa kijana, na kila mara nilisema ni za dada yangu. Muuzaji mmoja mzee alikuwa akinifungulia doti moja baada ya nyingine, ananionyesha pindo, ananisomea jina lililoandikwa, kisha siku moja akasema, "Chukua hii, dada yako si mrefu kama wewe?" Sina dada mrefu. Nadhani alijua, na alinisitiri kwa namna ambayo wazee wa Mvita hustiriana, bila kuuliza. Namshukuru hadi leo. Ila stara ya namna hiyo ina masharti yake: ni lazima uendelee kumtaja huyo dada, mwaka hadi mwaka, na siku ukichoka kumtaja, stara imekwisha. Mtu wa miaka thelathini na kitu amechoka.

Wapo wanaonitetea kwa kusema mimi ni huntha. Nawashukuru, lakini siyo. Huntha huzaliwa na mwili usio wa kiume kamili wala wa kike kamili. Sensa ya 2019 iliwahesabu 1,524 nchini, na wana madai yao ambayo sitaki kuyavaa ili nipate huruma.

Kuhusu dhambi. Nimesoma chuo cha Kurani, hadithi ya laana kwa wanaume wanaojifananisha na wanawake naijua, nimesomewa na maustadhi na nimesomewa na mamangu mzazi akilia. Sitabishana nayo gazetini. Lakini sijaona mchuuzi Mombasa anayemuuliza mnunuzi wa kikoi kama ameswali alfajiri, wala anayerudisha noti kwa sababu aliyeitoa anakunywa pombe. Mbona hesabu ya dhambi ifunguliwe kwenye meza ya magauni tu?

Hoja moja ya msomaji yule siibezi. Sokoni hakuna vyumba. Akina mama hujaribu nguo juu ya dera, au mwenzake humshikia leso akabadilisha nyuma yake. Mwanamke aliye katika hali hiyo ana haki ya kutotazamwa, na akiniona karibu akashtuka, simlaumu. Mimi huondoka, kila mara. Buibui pia silivai sokoni, ingawa lingenificha, kwa sababu nguo hiyo imeshatumiwa na wezi na sitaki kumtia mtu hofu. Lakini dawa yake ni rahisi kuliko kufukuzana: nondo iliyopindwa, pazia zito, kioo, na anayeingia ni mmoja, wengine wangoje nje, awe nani. Hata wanawake wenyewe wangefurahi, maana leso ya kushikiwa upepo wa kusi ukivuma haina siri. Kamati ya soko ikichanga, haifiki bei ya robota moja zuri. Ninaahidi mchango wangu, na huo nitautoa taslimu.

Na sheria? Kifungu cha 27 cha Katiba ya 2010 kinataja mambo ambayo mtu hafai kubaguliwa kwayo, na humo, pamoja na jinsia, dini, umri na ulemavu, yamo mavazi. Kifungu hicho kinamfunga mtu binafsi pia, si serikali peke yake. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliamuru mmoja wetu alipwe fidia ya shilingi 200,000 kwa kuvuliwa nguo katika kituo cha polisi cha Thika mbele ya wanahabari. Mwaka uliofuata wanawake walivuliwa nguo hadharani na umati uliodai sketi zao ni fupi, watu wakaandamana Nairobi, na Bunge likaingiza kumvua mtu nguo katika Kanuni ya Adhabu kuwa kosa lake mahususi. Wale hawakuwa transjenda. Walikuwa mabinti wa watu, wanatafuta matatu. Ningependa akina mama wanaoaibishwa na mimi wawakumbuke hao kabla ya kuwapa vijana wa mkokoteni kazi ya kuamua nani amevaa sawa, maana vijana hao hawatauliza cheti cha kuzaliwa.

Wachuuzi siwaombi wanikubali, wala wanipende. Wengine hawatanikubali, na wana haki ya kununa. Ninaomba bei ile ile anayotajiwa aliye mbele yangu, kwa sauti ile ile. Jina likitokea kwenye simu, lisomwe kimya. Nguo ikiwa haitanikaa, niambiwe kama alivyoniambia yule mama, kwamba ni mabega.

Madera sina shida nayo, dera halina bega wala kiuno, lilishonwa likitusubiri. Sidiria nimepata anayeniuzia Mwembe Tayari, mtu wa maneno machache. Kilichonishinda ni viatu. Kama kuna msomaji anayeuza viatu vya kike namba 43, si vya kuruka navyo, vya kisigino kifupi tu vya kwendea harusini, aandike meza yake iko wapi kwenye ukurasa huu huu. Nitakuja asubuhi.

Jina limehifadhiwa,
Kisauni, Mombasa