Tunalipia maji kwenye pakiti za skalopu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wauza vyakula vya baharini wa Arusha na Moshi, hasa wenye maduka makubwa yenye majokofu ya vioo.

Mimi ni mzaliwa wa Pangani. Utotoni, bamvua likifika na maji yakapwa mbali, tulifuatana na mama na shangazi kuokota kombe. Tukirudi tunazichemsha, tunazitoa kwenye magamba, tunazipika kwa tui zito. Moshi nimeletwa na ndoa, huu mwaka wa 22. Perege wa bwawa la Nyumba ya Mungu nimemzoea na ninampenda, lakini hamu ya vitu vya baharini haijanitoka.

Ndiyo maana nilifurahi mwanangu aliponiletea kutoka Arusha pakiti ya skalopu, gramu 500. Kwa asiyezijua, skalopu ni jamaa ya kombe, ila yeye huogelea kwa kupigapiga magamba yake mawili. Msuli unaoyafunga magamba hayo ndio mnofu mweupe, mnene, unaouzwa. Una utamu wake wenyewe.

Nilizilaza kwenye friji usiku kucha ziyeyuke. Kesho yake nikapasha kikaango cha chuma, nikatia mafuta, nikaziweka. Sikusikia hata mchachatiko. Zilitoa maji meupe kama tui la pili, mara zikawa zinaelea. Zikachemka, zikasinyaa, zikawa ngumu kama kandambili, na kwa mbali zina ladha ya sabuni. Wajukuu waliziacha sahanini. Niliumia, maana pesa ile ingenunua perege wa wiki nzima.

Nikavaa miwani nikaisoma pakiti. Kwenye maandishi madogo ya kigeni palikuwa na E451. Hiyo ni fosfeti, hutiwa ili mnofu unyonye maji na kuyashika. Siyo sumu, nchi nyingi zinairuhusu. Lakini maji yale yamepimwa pamoja na mnofu, nami nimeyalipia bei ya mnofu. Pakiti ya pili niliipima kwa mizani yangu ya keki: gramu 500 ikiwa barafu, gramu 370 baada ya kuyeyuka na kuchujwa.

Mara ya tatu nilikwenda Arusha mwenyewe, duka jingine, na kijana muuzaji akaniambia bila kuficha zipi zimelowekwa na zipi hazikulowekwa. Mungu ambariki. Zilizolowekwa ni nyeupe pee na zinang'aa. Nyingine zina rangi ya krimu, baadhi waridi hafifu, na zinanata vidoleni.

Hizo ndizo nilizopika. Kwanza nilibandua kijinofu kigumu kilicho ubavuni, kisha nikazikausha kwa kitambaa safi mpaka kitambaa kikawa hakilowi tena. Chumvi niliitia dakika ya mwisho, kwa sababu ikitangulia inavuta maji. Kikaango kikawa cha moto hasa, mafuta ya alizeti kidogo, kila moja ikakaa mbali na mwenzake. Dakika 2 sikuzigusa. Ukizisogezasogeza hazishiki rangi. Nilipozigeuza, upande wa chini ulikuwa wa kahawia kama ukoko wa wali. Dakika moja na nusu upande wa pili, kijiko cha siagi, nikaepua katikati kukiwa bado laini. Tui zito lenye kitunguu saumu na pilipili mbuzi nililipika pembeni, nikaliweka chini ya skalopu badala ya kulimwaga juu, ili ule ukoko usilowe. Ndimu juu. Tulikula kwa wali mweupe, na safari hii wajukuu waliomba nyingine.

Ombi langu kwa wenye maduka ni kibandiko kimoja cha Kiswahili kwenye jokofu: zimetiwa fosfeti au hazikutiwa, na uzito wa mnofu bila barafu na maji. Wapo pia wanaodhurika na vyakula vya magamba, nao wanahitaji kusoma kwa lugha wanayoielewa. Shirika la Viwango Tanzania (TBS), ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula, nawaomba walitazame jambo hili huku kwetu bara, tulio mbali na bahari na tusioweza kumuuliza mvuvi.

Mwezi ujao nitakuwa Arusha kwa arusi ya mpwa wangu. Nitapita lile duka la kwanza, nitauliza, na nikijibiwa vizuri nitanunua.

Bibi wa Pasua,
Moshi