Ratiba ya shule haitaki programu moja ijuayo yote

Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika humu kwamba kompyuta imewaondolea walimu adha ya kupanga ratiba. Nimeipanga ya shule yetu hapa Kakamega kwa miaka 11, kwa penseli, ufutio na karatasi ya manila, kwa hiyo niruhusu nimpinge kidogo.

Gredi ya 10 walipoingia Januari 2026 na mikondo yao mitatu ya masomo, manila ilinishinda. Shule ikanunua programu. Niliiwasha saa mbili usiku. Kulipokucha bado inazunguka, na haikuweza hata kusema imekwama wapi. Muuzaji akatushauri tununue kompyuta kubwa zaidi!

Kijana niliyemfundisha hesabu, sasa yuko chuoni, alicheka. Yeye alitumia Z3 ya Microsoft, programu ya kutafuta jibu linalotimiza masharti yote, inayopatikana bure. Ndani yake mna sehemu kadhaa, niziite mafundi: mmoja wa ndiyo na hapana, mwingine wa namba, mwingine wa kulinganisha vitu. Msingi wa kuwaunganisha uliwekwa na wanasayansi wa kompyuta Greg Nelson na Derek Oppen mwaka wa 1979: kila fundi abaki na kanuni zake, wapashane tu habari ya vitu vilivyogeuka kuwa sawa.

Chukua Jumatano yetu. Mhudumu wa maabara tunamgawana na shule jirani, hafiki kabla ya saa tatu. Kemia ya vipindi viwili haifai kukatwa na chai, na baada ya chai mwalimu ana darasa jingine. Fundi wa namba anaona: haiwezi kuanza kabla ya kipindi cha tatu, wala baada yake; basi mwanzo wa Kemia ni sawa na kipindi cha tatu. Hilo tu ndilo analomwambia mwenzake wa kulinganisha vitu. Mwenzake hajui kuhesabu, na mambo ya chai hayamhusu, ila anajua maabara ni moja na kipindi kimoja hubeba darasa moja. Kidato cha Nne waliokuwa wamepangwa hapo wanang'olewa papo hapo.

Wanaouzia shule programu watuambie ndani mna nini kabla hatujalipa ada ya mwaka.

Hata Z3 iligoma mara ya kwanza, lakini ilitaja masharti matatu yaliyogongana. Moja lilikuwa langu: nilijipa Ijumaa mchana bila kipindi. Nimelifuta. Ijumaa saa nane sasa mtanikuta Kidato cha Tatu.

Mwalimu wa ratiba,
Kakamega