Usilipe kwanza: barua kuhusu pampu ya joto na kile kichochoro chenu

Rafiki yangu wa chanda na pete,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Barua yako imenifikia jana jioni nikaisoma pale pale mlangoni. Nimefurahi mno kwamba mmeamua kuachana na lile tanuri la mafuta na kuweka pampu ya joto, ile mashine ya umeme ya kupashia nyumba. Ila nilipofika pale uliposema mmeshachagua mashine ya kilowati 12, na kwamba itaingia kwenye kichochoro cha ubavuni mwa nyumba, moyo ulinipiga paa. Nakuomba msilipe kwanza. Nisikilize yaliyonikuta mimi.

Nami nilikuwa na kichochoro, sentimita 90 tu kutoka ukutani hadi kwenye uzio wa mbao. Fundi wa kwanza alikuja na tepu yake, akapima mashine, akapima kichochoro, akasema inaenea. Kweli ilienea, na ilipendeza kuitazama. Baridi ilipokaza, bili ya umeme ikapanda na vyumba vikabaki vuguvugu. Nikajua nimeuziwa mashine mbovu.

Asubuhi moja nikafunga kipande cha mfuko wa plastiki kwenye ncha ya kijiti, nikaenda kuchuchumaa kando ya ile mashine. Mbele ya feni kile kiplastiki kilinyooka kuelekea kwenye uzio, sawasawa. Nilipokiinua kidogo, kikapinda, kikarudi juu ya mashine, na nilipokipeleka nyuma kikavutwa kikaganda kwenye vile vibati vyembamba vinavyopitisha hewa. Nikaleta vipimajoto viwili. Cha uani kilisoma digrii 5, cha nyuma ya mashine kilisoma digrii 1. Hewa iliyokwisha kunyang'anywa joto ilikuwa inagonga uzio na kurudi kuingia tena. Mashine haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa imekosa hewa.

Hapo ndipo nilipoelewa kifaa chenyewe. Pampu ya joto haitengenezi joto, inalihamisha. Weka mkono nyuma ya friji utasikia joto lililotolewa ndani. Hii yetu hufanya kazi hiyo kinyumenyume: gesi iliyomo kwenye mabomba yake hunyonya joto la hewa ya nje, hata hewa ya baridi, kisha kompresa huibana gesi hiyo mpaka ipate moto wa kutosha kuyapasha maji ya nyumbani. Kwa yuniti 1 ya umeme unaweza kupata yuniti 3 au 4 za joto, nayo ndiyo faida yote ya kuinunua. Lakini kadiri hewa inayoingia inavyozidi kuwa baridi, ndivyo kompresa inavyotumia umeme zaidi kufanya kazi ile ile. Kwa hiyo mashine iliyobanwa kichochoroni huishi kwenye baridi kali kuliko ile iliyoizunguka nyumba inayoipasha.

Basi unapopima, usipime boksi peke yake. Mashine nyingi hutaka kama sentimita 30 nyuma, na mbele mita 1 au zaidi pasipo kitu, iwe ukuta, kichaka au pipa la taka. Ubavuni nako fundi lazima apate pa kupiga magoti akija kuitengeneza. Vipimo halisi vinatofautiana na vimechorwa kwenye kitabu cha kila mashine. Mwambie muuzaji akutumie ukurasa huo kabla hujampa hata shilingi.

Sasa hizo kilowati 12. Umeandika kwamba jirani anayo ya namna hiyo na anaifurahia. Nyumba ya jirani si nyumba yako. Kinachotakiwa ni hesabu ya joto linalopotea, chumba kwa chumba: madirisha, dari, sakafu, nyufa za milango. Usikubali fundi akisie kwa ukubwa wa nyumba tu. Nilipoziba nyufa na kutandika sufi nene juu ya dari, hesabu yangu ilishuka kutoka kilowati 9 hadi 6. Nakutajia hilo kwa sababu linagusa moja kwa moja shida yenu ya nafasi. Mashine ndogo kwa kawaida huwa na feni moja badala ya mbili, ni fupi, na haihitaji hewa nyingi kiasi hicho. Isitoshe, mashine kubwa kupita mahitaji huwaka na kuzima, huwaka na kuzima, mchana kutwa, nayo huchakaa mapema. Kwa hiyo zibeni nyufa kwanza, mashine mtachagua baadaye. Huenda mkapata inayokaa mahali pazuri ambapo ile ya kilowati 12 isingekaa kamwe.

Halafu kuna tangi la maji ya moto, ambalo hukulitaja kabisa. Watu wote huwaza mashine ya nje wakasahau kwamba ndani nako panahitajika nafasi. Ulisema kuna stoo chini ya ngazi. Tangi la lita 200 likijaa, maji peke yake ni kilo 200, bado uzito wa tangi lenyewe, kwa hiyo sakafu ikaguliwe. Na kuna jambo ambalo nisingelijua nisingeliliona kwa macho yangu. Tuliletewa tangi la urefu wa sentimita 180 na upana wa 60, na dari ya stoo ilikuwa sentimita 185. Kila mtu alisema lipo sawa. Lakini tangi huingia likiwa limelazwa, na unapolisimamisha ile pembe ya juu hupita karibu sentimita 190 kabla halijanyooka. Wanaume watatu walihangaika nalo kutwa nzima, likarudi kwenye gari. Tulichukua fupi na nene zaidi.

Kuhusu kelele, mashine za siku hizi ni tulivu, ila usiiweke kwenye kona ya kuta mbili ngumu, maana kuta hurudisha sauti na kuiongeza. Chini ya dirisha la chumba cha kulala ni afadhali usiweke kabisa. La jirani pia.

Na maji. Kukiwa na baridi na unyevu, barafu hujijenga kwenye vile vibati vya nyuma. Mashine hujigeuza kwa dakika chache kuiyeyusha, na maji humwagika chini. Mimi yalinimwagikia kwenye njia ya kupita, yakaganda, na mama mkwe akateleza. Alishika uzio, namshukuru Mungu hakuvunjika. Sasa mashine imeinuliwa juu ya vyuma, na chini yake kuna shimo la kokoto linalonywa maji yote.

Ukiambiwa gesi iliyomo kwenye mabomba ya mashine yenu ni propani, ambayo kwenye karatasi huandikwa R290, usiogope. Ni gesi nzuri, na haichafui anga kama zile za zamani. Lakini inawaka, na ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutambaa chini. Lazima iwe mbali na milango, madirisha ya chini na matundu ya maji taka, na umbali huo nao huandikwa kitabuni. Kwa kichochoro chenu chenye mlango wa jikoni, hili pekee linaweza kuwafungia njia.

Zile za kuchukua joto ardhini achaneni nazo. Mabomba ya kulala hutaka kiwanja kikubwa, na kisima hutaka gari la kuchimbia, ambalo kwenu halina pa kupita. Nafasi ikigoma kabisa, fikirieni zile za kupuliza hewa ya moto chumbani moja kwa moja, kama kiyoyozi. Hazina tangi, ila maji ya kuoga mtayapasha kwa njia nyingine.

Nikuombe kitu kimoja. Tafuta makaratasi magumu, tengeneza boksi la upana wa sentimita 110, kimo 90 na kina 45, uliweke nyuma ya nyumba, pale karibu na mlingoti wenu wa kamba za kuanikia nguo. Liache wiki nzima. Watoto wapite, shemeji apitishe baiskeli, wewe uanike nguo. Kisha simama mbele yake ukaangalie hewa itakwenda wapi. Mimi nilifanya hivyo mara ya pili, na mashine ikaishia mahali ambapo sikuwahi kupafikiria: mita 3 kutoka nyumbani, ikitazama bustani.

Niandikie upana wa kichochoro kutoka ukutani hadi kwenye uzio, kimo cha dari ya stoo palipo chini kabisa, na umbali wa kutoka dirisha la jirani. Uchore hata kwa penseli. Nitakaa nayo Jumapili nikujibu.

Wako wa siku zote,
aliyesoma barua yako mlangoni