Malalamiko kuhusu safari ya mbio na bia, Jinja na Tororo

Kampala

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

Ndugu Meneja,

KUH: SAFARI YA WIKENDI YA MBIO ZA JINJA NA ZIARA ZA WATENGENEZA BIA

Naandika kwa niaba ya kikundi chetu cha wakimbiaji, watu 14, tuliolipa shilingi 650,000 kila mmoja kwa safari iliyotajwa hapo juu. Ratiba yenu ilisema tukimbie kilomita 21 Jinja Jumamosi asubuhi, mchana wake tutembelee kiwanda kidogo cha bia, na Jumapili twende Tororo kwa familia ya Wateso inayopika ajono, pombe ya kienyeji ya ulezi. Tororo hatukufika, na hilo ndilo kubwa katika barua hii. Lakini nianze na mbio.

Tulitakiwa kuondoka Kampala Ijumaa saa nane mchana. Basi lilikuja saa kumi na moja jioni, wakati ambao kila mkazi wa Kampala anajua hali ya barabara ya Jinja. Tulisimama Bweyogerere, tukasimama tena Mukono, na mwongozaji wenu hakuwa na la kutuambia. Ugawaji wa namba za mbio ulifungwa saa kumi na mbili, tukiwa bado hatujaufikia hata msitu wa Mabira. Chakula tulikipata karibu na saa tano usiku, nyama choma na chipsi, kwa watu wanaotakiwa kuwa barabarani saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Mkimbiaji wa kilomita 21 anahitaji wanga wa kutosha na mapema: matoke, wali, posho (ugali). Tuliwaandikia hayo kabla ya safari, na mlijibu kwamba mmeelewa.

Matokeo yake, wenzetu sita waliokuwa bado hawajachukua namba zao walikimbia bila namba, kwa hiyo hawana muda rasmi wala medali. Mmoja wao alijiandaa tangu Januari kwa ajili ya siku hiyo tu.

Ziara ya kiwanda kidogo cha Jinja, nasema kwa haki, ilikuwa nzuri. Mpishi wa bia alitupa kimea cha shayiri tutafune, kikavu na kitamu kama biskuti, kisha akafungua mfuniko wa tangi tunuse uji wa moto kabla haujatiwa hamira. Alijibu kila swali. Naomba mmfikishie shukrani zetu.

Sasa Jumapili. Saa mbili asubuhi mwongozaji alitutangazia kwamba Tororo imefutwa kwa sababu dereva amechoka. Badala yake tulipelekwa baa moja pale Jinja tukanunuliwa bia za chupa, zilezile zinazouzwa katika kila duka la Kampala. Tulipouliza kuhusu ziara tuliyolipia, tuliambiwa kwamba kiwanda cha bia cha Njeru tulishakiona dirishani wakati wa kuja. Kupita mbele ya ukuta wa kiwanda si ziara.

Nilikuwa na namba ya mama mwenyeji wa Tororo, niliyopewa na ofisi yenu ili nimweleze idadi yetu. Nilimpigia mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyekuwa amempigia. Alikuwa tayari amepanga viti chini ya mwembe na kuchemsha maji.

Mnaifahamu kazi ya ajono? Unga wa ulezi unakandwa kwa maji na kufunikwa siku kadhaa mpaka uchachuke, unakaangwa motoni mpaka ubadilike rangi, unaanikwa juani, ndipo unachanganywa na maji na kimea na kuachwa uchachuke tena. Siku ya kunywa unatiwa chunguni pamoja na maji ya moto, na watu wanakaa kuuzunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu. Pombe hiyo haina subira. Ikishaiva ni ya kunywewa, ikikaa inakuwa chachu na hainunuliki. Mama yule alitumia ulezi wake, kuni zake na muda wake kwa wageni 14 ambao ninyi mliwazuia kufika, na aliniambia kwamba hajalipwa hata shilingi ya kianzio. Mimi najihesabu mgeni wake, na nilishikwa na aibu kwenye simu kwa jambo ambalo si kosa letu.

Kwa hiyo tunadai yafuatayo. Mama mwenyeji alipwe kwanza, fedha yote mliyokubaliana naye, na mtu wa ofisi yenu ampigie kumwomba radhi. Sisi mturudishie shilingi 180,000 kila mmoja, ambazo ankara yenu wenyewe inazitaja kuwa ni gharama ya siku ya Tororo, pamoja na ada ya usajili ya wale sita waliokosa namba. Risiti, ratiba na jumbe zenu nimeviambatanisha.

Nasubiri jibu la maandishi ndani ya siku 14. Nitampigia mama wa Tororo mwisho wa wiki hii kuuliza kama fedha zake zimefika, na kama hazijafika, tutapeleka malalamiko haya kwa mamlaka inayotoa leseni za utalii.

Wako,

Katibu wa kikundi, kwa niaba ya wanachama