Kipimo cha malaria kikisema hapana

Ndugu Mhariri,

Mimi ni nesi katika shule ya sekondari ya bweni hapa Busia, upande wa Uganda. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na moja, na kwa muda mrefu niliamini naifanya vizuri. Mtoto akija analalamika, nampima malaria. Akiwa nayo namtibu, asipokuwa nayo nampa panadol anarudi darasani. Ninaandika kwa ajili ya hao wa panadol.

Muhula uliopita, nikiwa nahesabu dawa zilizobaki, nilipitia daftari la wagonjwa ukurasa kwa ukurasa. Jina moja likaanza kunirudia. Msichana wa kidato cha tatu, miaka 16. Tumbo. Kichwa. Tumbo. Kizunguzungu. Tumbo tena. Mara tisa katika wiki kumi na mbili, na kila mara kwa mwandiko wangu mwenyewe: "Malaria hakuna. Panadol." Mara sita kati ya hizo ilikuwa Jumatatu asubuhi. Malaria haichagui siku.

Nikamwita. Safari hii sikumwuliza tumbo linauma wapi, nilimwuliza usiku analala saa ngapi. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akakunja pindo la blanketi, akalikunjua, akalikunja tena, mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Sista, mimi silali. Nahesabu." Alikuwa anahesabu karo iliyobaki, wiki zilizobaki kabla ya mtihani, na pesa ambazo mama yake hupata sokoni kwa siku. Jumatatu asubuhi paredini ndipo husomwa majina ya wanaodaiwa karo. Tangu Jumapili usiku tumbo lake lilikuwa linajua.

Wala hakuwa anasingizia. Tumbo lilikuwa linauma kweli. Mtu akiwa na hofu mwili hujiandaa kukimbia: moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, tumbo linavurugika. Hofu hiyo ikikaa wiki baada ya wiki bila mahali pa kukimbilia, mwili unachoka, na mtoto anabaki na maumivu ambayo hakuna kipimo cha tone la damu kitakachoyaonyesha. (Habari hizi nazitoa kwa ruhusa yake, na vitu vinavyoweza kumtambulisha nimevibadilisha.)

Nadhani sehemu ya tatizo iko kwenye maneno yetu. Tukisema wasiwasi, wengi wetu wanasikia minong'ono ya shetani, basi mtoto anapelekwa kwa shehe au mchungaji akaombewe. Dua sizipingi, mimi mwenyewe naomba. Ila dua na matibabu havigombani. Ndugu zetu wa Tanzania wana neno sonona kwa ule ugonjwa wa huzuni isiyoondoka. Huku kwetu tunasema tu "ana mawazo", halafu tunamwambia aache kuwaza, kana kwamba ni kazi ya mkono anaweza kuiweka chini.

Huzuni yenyewe si ugonjwa. Mtoto aliyefiwa, aliyeachwa na rafiki au aliyeanguka mtihani ana haki ya kulia. Mimi huanza kuangalia kwa makini pale hali inapokaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, kwa sehemu kubwa ya siku: usingizi umepotea au umezidi, posho (ugali) na maharagwe vinarudi jikoni vilevile, aliyependa mpira hataki hata kuutazama, mwenye akili nyepesi anasoma mstari mmoja mara tano. Kwa vijana huzuni mara nyingi haiji na machozi. Inakuja na hasira. Mvulana anajibu walimu vibaya, anapigana bwenini, anatoroka masomo ya jioni, nasi tunasema ameota pembe. Viboko vilipigwa marufuku shuleni, na marekebisho ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2016 yaliweka katazo hilo wazi, lakini kila anayefanya kazi shuleni anajua fimbo iko wapi. Ukimchapa mtoto mwenye sonona umempa ushahidi wa kile anachojiambia kila usiku, kwamba hafai.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya watoto saba wa umri wa miaka 10 hadi 19 duniani, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Darasa la wanafunzi 70, na kwetu yapo, kwa hesabu hiyo lina kumi hivi. Na watoto hawa wa Uganda tusisahau walikotoka. Shule zilifungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Karibu miaka miwili, wanafunzi milioni 15 nyumbani. Wapo walioshuhudia wazazi wakipoteza kazi, wapo walioolewa, wapo wasichana waliorudi na mtoto mgongoni, na wapo ambao hawakurudi. Waliorudi tuliwapa ratiba ya kufidia masomo. Sikumbuki mtu aliyekaa nao akawauliza wamepitia nini. Mimi pia sikuuliza.

Mzazi akiniuliza ampeleke wapi mtoto, wengi wanalijua jina moja tu, Butabika, na jina hilo mitaani ni tusi. Butabika ni hospitali ya taifa ya rufaa ya magonjwa ya akili, nayo iko Kampala. Lakini si lazima kufika huko. Hospitali za rufaa za mikoa zina vitengo vya afya ya akili, na kwetu iliyo karibu ni Mbale. Wengi wa vijana ninaowaona hawahitaji hata dawa kwanza. Wanahitaji mtu aliyefunzwa kusikiliza, akutane nao mara kwa mara. Wakihitaji dawa, wapewe na daktari anayejua dawa za vijana na atakayewafuatilia kwa karibu.

Na kusikiliza huku hatujaletewa na wageni kama kitu cha kujaribiwa kesho. Kumejaribiwa hapahapa. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa vijijini Masaka na Rakai: vikundi vya watu wenye sonona, vikikutana kila wiki kwa wiki 16, vikiongozwa na wenyeji wa kawaida waliopewa mafunzo ya muda mfupi. Wengi walipata nafuu kubwa. Mwaka 2007 yakatoka matokeo mengine, ya vijana 314 wa miaka 14 hadi 17 katika kambi za waliokimbia vita kule kaskazini. Wasichana waliokuwa kwenye vikundi hivyo walipata nafuu waziwazi. Kwa wavulana haikuonekana hivyo. Jambo hili nalirudia kichwani kila mara, kwa sababu naliona shuleni: msichana ukimpa nafasi anaongea, mvulana anakuambia "niko sawa, Sista" huku anaangalia mlango. Nimegundua wavulana wanaongea mikono ikiwa na kazi. Mmoja alinieleza habari za kifo cha baba yake tukiwa tunafunga pamba na bendeji kwenye maboksi. Tukiwa tumekaa tunatazamana asingethubutu.

Kuna swali ambalo walimu wenzangu wanaliogopa, la kumwuliza mtoto kama amewahi kufikiria kujiua. Wanadhani kuuliza ni kumpandia wazo. Si kweli. Kwa mtoto ambaye tayari analo, kuulizwa kwa upole huwa ni mara ya kwanza anatua mzigo. Akijibu ndiyo, usimwache peke yake, usimwahidi kuwa utaficha, na umfikishe kwa daktari siku hiyohiyo. Linalotufunga mikono ni sheria. Kanuni yetu ya Adhabu bado inamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Hapa Busia tunavuka mpaka kwa miguu, na ng'ambo hiyo Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha katiba. Mwaka 2018 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Afya ya Akili mahali pa ile ya enzi za 1964. Nawasihi waheshimiwa wamalizie kwa kukifuta kifungu hiki cha kujaribu kujiua. Mzazi anayeogopa polisi hamleti mtoto hospitalini.

Kwa wakuu wa shule ombi langu ni dogo na halina gharama kubwa. Majina ya wanaodaiwa karo yasisomwe paredini. Mwenye deni ni mzazi, aitwe mzazi. Mwalimu mlezi wa wasichana na yule wa wavulana wapunguziwe vipindi, kwa sababu kumpa mtu vipindi 28 na ulezi wa wanafunzi mia nne ni kumpa cheo tu. Nasi manesi, kipimo kikionyesha mstari mmoja, yaani malaria hakuna, tusifunge daftari hapo.

Na wewe, Mhariri. Kila matokeo ya mitihani ya taifa ya UNEB yakitoka gazeti linajaa picha za watoto waliobebwa mabegani. Wanastahili. Lakini siku hiyohiyo kuna mtoto chumbani amejifunika gubigubi. Ukurasa huohuo mpeni kisanduku kimoja chenye namba ya kupiga.

Yule msichana bado ana usiku mbaya. Tulizungumza na mhasibu, mama yake analipa kidogokidogo, jina lake halisomwi tena, na kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana tunakaa nusu saa. Muhula huu amekuja kwa tumbo mara mbili. Daftari langu nimeliongezea safu ya tatu, "Analala?" Na Sauti 116, simu ya bure ya watoto, nimeiandika kwa kalamu nene nyuma ya mlango, kwa upande wa ndani, pale ambapo mtoto akilala kitandani anaiona bila mtu kujua kwamba ameisoma.

Nesi wa shule,
Busia, Uganda